Je, simba wamegeukia ng'ombe? Namna ya kupima uchaguzi wa mawindo

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, upande wa Simanjiro, mashariki ya Hifadhi ya Tarangire. Kwa mwaka mzima tumekuwa tukiandika kwenye daftari kila mzoga wa mnyama aliyeuawa na simba: aina ya mnyama, tarehe na mahali. Ng'ombe wamejaa kwenye daftari, wanafuatiwa na nyumbu na pundamilia, swala ni wachache mno. Wazee wanasema simba wa siku hizi wameshaonja ng'ombe na sasa wanamtaka yeye kuliko nyama ya porini. Ofisa mmoja alitushauri tutumie kipimo cha Jacobs. Nimekipiga, na ng'ombe amepata alama ya hasi, yaani simba wanamkwepa! Nikipeleka jibu hilo kwenye mkutano wa kijiji sitasikilizwa tena. Nani yuko sahihi, wazee au hesabu?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Hesabu yako huenda haina kosa, na wazee nao huenda wanasema kweli. Kinachowagonganisha ni namba moja ambayo hukuitaja: ulichukua ng'ombe wangapi kuwa ndio waliokuwepo kwa simba? Nitakaa sana kwenye namba hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua kama ng'ombe atapata hasi au chanya, na hata watafiti wazoefu huipita haraka mno.

Kwanza msingi wenyewe. Mizoga peke yake haisemi simba anachagua nini. Serengeti ina nyumbu wapatao milioni 1.3 na pundamilia wapatao laki mbili. Msafara wa nyumbu ukishamzunguka simba, hata akiwa anakamata chochote kinachomjia bila kuchagua kabisa, nyumbu ndio watakaojaa kwenye orodha ya mawindo yake. Orodha hiyo itakuwa inakueleza habari za nyumbu zaidi ya habari za simba. Ili tuzungumzie uchaguzi tunaweka namba mbili sambamba: mnyama huyu ni sehemu gani ya wote walioliwa, na ni sehemu gani ya wote waliokuwepo. Ya kwanza ikizidi ya pili, simba anamchukua kuliko bahati ingemletea. Ikipungua, anamwacha.

Mmoja wa waliotangulia kuifanya hesabu hiyo ni Viktor Ivlev, Msovieti aliyechunguza ulaji wa samaki. Fomula yake ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa na udhaifu: alama ya mnyama ilipanda na kushuka kwa sababu tu mnyama huyo amekuwa adimu au mwingi, hata pale tabia ya mlaji haikubadilika. Mwaka 1974 Jacobs aliirekebisha, na ndiyo hii uliyopewa:

D = (r − p) ÷ (r + p − 2rp)

Hapo r ni sehemu ya mnyama katika mawindo, na p ni sehemu yake katika wanyama waliopo. Jibu huangukia kati ya −1, mnyama asiyeguswa kabisa, na +1, mnyama anayeliwa peke yake. Sifuri maana yake analiwa kwa kadiri alivyo.

Sasa tupige hesabu pamoja kwa namba za kubuni, halafu wewe utaweka zako. Tuseme daftari lina mawindo 100: ng'ombe 30, nyumbu 40, pundamilia 20 na swala pala 10. Na tuseme umehesabu wanyama katika eneo lenu ukapata ng'ombe 6,000, nyumbu 1,500, pundamilia 1,500 na swala pala 1,000, jumla 10,000. Kwa ng'ombe, r ni 0.30 na p ni 0.60. Juu unapata −0.30. Chini unapata 0.90 ukitoa 0.36, yaani 0.54. Jibu ni −0.56. Nyumbu anapata +0.58, pundamilia +0.17, swala pala sifuri. Umeona: ng'ombe ni karibu theluthi ya mizoga yote, na bado hesabu inasema anakwepwa. Bila shaka ndivyo ilivyokutokea.

Lakini hebu jiulize ng'ombe hao 6,000 wako wapi saa nane ya usiku, simba wanapotembea. Wamo ndani ya maboma, nyuma ya uzio wa miiba, na mbwa wanabweka. Mchana wako malishoni, lakini na mchungaji mwenye mkuki, wakati simba wengi wamelala kivulini. Nyumbu wote 1,500 wako wazi mchana na usiku. Tuseme basi ng'ombe ambao simba angeweza kweli kuwafikia, waliopotea malishoni wakalala nje pamoja na walio kwenye maboma mabovu, ni 400 tu. Mizoga ni ileile, hatujagusa hata mmoja. Jumla ya waliopo sasa ni 4,400, na sehemu ya ng'ombe ni 0.09. Piga tena: ng'ombe anapata +0.62. Nyumbu ameshuka mpaka +0.13. Pundamilia, aliyekuwa na chanya, sasa ana −0.35.

Mizoga ileile, simba walewale, na mnyama aliyekwepwa amekuwa anayetafutwa. Hesabu hizi mbili hazipingani, kwa sababu kila moja imejibu swali lake. Ya kwanza imeuliza: katika eneo lote hili, simba anaishi kwa kutegemea ng'ombe au wanyamapori? Jibu: wanyamapori, ng'ombe anapata sehemu ndogo kuliko wingi wake. Ya pili imeuliza: ng'ombe akiwa nje, bila ulinzi, simba humfanya nini? Jibu: humchukua haraka kuliko nyumbu. Wazee wako wanaishi ndani ya swali la pili, wewe ukapiga hesabu ya la kwanza. Ndiyo maana mtagombana mpaka mtakapotaja kila mtu anauliza nini.

Mtaalamu wa takwimu aitwaye D. H. Johnson alilieleza tatizo hili vizuri mwaka 1980. Alionyesha kwamba ukiongeza kwenye orodha ya vilivyopo kitu kimoja kilicho kingi lakini hakiliwi, vitu vingine vyote hubadilika alama, na kinachokwepwa huweza kuonekana kinapendwa. Ng'ombe walio salama ndani ya boma ndicho kitu hicho katika daftari lako. Johnson alionyesha pia kwamba uchaguzi una ngazi: mnyama huchagua nchi ya kuishi, ndani yake huchagua makao, ndani ya makao huchagua sehemu za kupita na kulisha, na mwisho huchagua windo lenyewe. Ukichukua mizoga ya ngazi moja ukaigawanya kwa hesabu ya wanyama wa ngazi nyingine, utapata namba, lakini namba hiyo haitakuwa jibu la swali lolote.

Iko njia nyingine ninayokusihi uipige kando ya Jacobs. Wanatakwimu Manly na Chesson waliipa umbo linalotumika leo. Kwa kila mnyama, gawanya r kwa p. Kisha jumlisha majibu yote, na kila jibu uligawanye kwa jumla hiyo. Katika hesabu yetu ya kwanza ng'ombe anapata 0.09, nyumbu 0.48, pundamilia 0.24, swala pala 0.18. Kwa kuwa wanyama ni wanne, asiyechaguliwa wala kukwepwa angepata 0.25. Katika hesabu ya pili ng'ombe anaruka mpaka 0.60, nyumbu anabaki na 0.21 na pundamilia 0.11. Sasa linganisha nyumbu na pundamilia peke yao: mara ya kwanza nyumbu ni mara mbili ya pundamilia, na mara ya pili pia ni mara mbili. Mabishano yetu kuhusu ng'ombe hayakuwagusa. Kwa daftari lenye mifugo na wanyamapori pamoja, hii ni faida kubwa sana: unaweza kusimama imara kuhusu wanyamapori hata kabla hamjakubaliana namna ya kuhesabu ng'ombe.

Na namna hiyo ni ipi? Usitafute namba moja. Gawa ng'ombe waliouawa katika mafungu matatu: waliokamatwa malishoni mchana wakiwa na mchungaji, waliopotea wakalala porini, na waliochukuliwa ndani ya boma usiku. Kila fungu lina hesabu yake ya waliopo. La kwanza linahitaji idadi ya ng'ombe wanaokwenda malisho hayo. La pili linahitaji idadi ya waliopotea, pamoja na wale waliopatikana asubuhi wazima, na hawa hakuna mtu anayewaandika. La tatu linahitaji idadi ya maboma na hali ya uzio wake. Najua wafugaji wengi hawapendi kutaja idadi ya mifugo yao, na usiwalazimishe. Kaa na mchungaji jioni mifugo inaporudi, uwaone wakipita langoni. Au tumia idadi ya dozi zilizotumika kwenye chanjo kama kadirio.

Kwa wanyamapori, hesabu ambazo TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, huzifanya kutoka kwenye eropleni ni nzuri kwa kujua hali ya mfumo mzima, lakini hazifanyiki kila mwezi, na kwenu kila mwezi una sura yake. Weka mistari michache iliyonyooka, utembee mistari hiyohiyo kila mwezi. Ukiona kundi, andika idadi, umbali kutoka ulipo na pembe kati ya kundi na mstari wako. Umbali ukizidisha kwa saini (sin) ya pembe hiyo unakupa umbali wa kundi kutoka mstarini, na kutokana na namna makundi yanavyopungua machoni kadiri yanavyokuwa mbali, programu ya kompyuta inakadiria wale uliowapita bila kuwaona. Bila hatua hii, wakati wa masika nyasi zikirefuka, swala watapungua kwenye karatasi wakati porini wamo vilevile.

Nirudi kwenye mizoga yenyewe, maana r nayo ina mitego. Wa kwanza ni kwamba mizoga haionekani kwa usawa. Ng'ombe akiuawa, mwenyewe anamtafuta siku hiyohiyo, na ana sababu ya kutoa taarifa, kwa kuwa bila taarifa hakuna kifuta machozi. Swala akikamatwa na kundi la simba huisha upesi, na fisi na tai humaliza kilichobaki. Kwa hiyo swala kuwa wachache kwenye daftari lako ni jambo la kutarajia hata kama simba wanawala sana. Sisemi wafugaji wanadanganya; nasema kila ng'ombe ana shahidi, na swala hana.

Wa pili ni kumhesabu mmoja kama wengi. Simba wakiingia boma moja usiku mmoja wakaua ng'ombe watano, ulichokiona ni uamuzi mmoja wa kuingia boma, na hofu ya ng'ombe waliobanwa mahali pamoja ikafanya mengine. Ukiandika watano kana kwamba simba alichagua ng'ombe mara tano, unamzidishia simba hamu ambayo hakuionyesha. Andika tukio kuwa moja, na idadi ya waliokufa uiweke kwenye safu yake. Kwa hasara ya mfugaji, watano ni watano. Kwa uchaguzi wa simba, ni mara moja.

Wa tatu ni muuaji kutojulikana. Simba akionekana juu ya mzoga haina maana ndiye aliyeua. Hans Kruuk, aliyechunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, alionyesha kwamba fisi huua sehemu kubwa ya chakula chao wenyewe, na kule Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuwa wananyang'anya. Kwa hiyo ukifika kwenye mzoga, chuna ngozi ya shingo na koo kabla ya kuangalia kitu kingine. Ukikuta matundu ya meno na damu iliyoganda chini ya ngozi pande zake, mnyama aliumwa akiwa hai. Matundu makavu yasiyo na damu ni ya aliyekuja baadaye. Pima umbali kati ya matundu ya meno makubwa. Angalia nyayo kabla watu hawajakanyaga. Tazama kama tumbo la nyasi limeburutwa kando au kufukiwa, jambo ambalo simba hulifanya, au kama mifupa mikubwa imevunjwavunjwa na kutawanywa, kazi ya fisi. Usipopata uhakika, andika "haijulikani" na usimbebeshe mzoga huo mnyama yeyote.

Dawa ya mtego wa kwanza ni kutumia njia ya pili ya kujua chakula, isiyotegemea nani ameuona mzoga. Kama kuna simba waliovishwa kola za GPS, mikanda ya shingoni inayoonyesha walipo, katika eneo lenu, mwombe mtafiti mwenye kola akupe mahali ambapo simba alikaa saa kadhaa usiku. Nenda ukapekue hapo, na mara nyingi utakuta mabaki madogo ambayo usingeyaona kamwe ukiwa njiani. Kama hakuna kola, kusanya kinyesi. Vaa glavu, maana kina mayai ya minyoo inayoweza kumdhuru mtu. Kioshe kwenye chujio, kausha, utoe nywele. Paka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kioo cha hadubini, laza unywele kabla haijakauka, kisha uung'oe: magamba ya unywele yataacha alama, na alama ya pundamilia si ya nyumbu wala ya ng'ombe. Utahitaji kwanza kutengeneza mkusanyo wa nywele za wanyama wote wa eneo lenu, kutoka kwenye ngozi mnazozijua kwa hakika. Ni kazi ya subira, na kwa mtu anayeipenda ina raha yake.

Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mwaka kwenye ripoti. Kinyesi kumi chenye nywele za swala na kinyesi kumi chenye nywele za nyati si idadi sawa ya wanyama. Mnyama mdogo ana ngozi na nywele nyingi kwa kila kilo ya nyama, hivyo hutoa vinyesi vingi kwa kilo. Ackerman na wenzake, mwaka 1984, walilisha puma, paka mkubwa wa huko Marekani, na kupata fomula inayotumika mpaka leo kwa paka wakubwa: Y = 1.980 + 0.035X, ambapo X ni uzito wa windo kwa kilo na Y ni kilo zilizoliwa kwa kila kinyesi kimoja. Kwa windo la kilo 20, kinyesi kimoja kinawakilisha kilo 2.68, yaani mnyama 0.134. Kwa windo la kilo 200 ni kilo 8.98, yaani mnyama 0.045. Kwa idadi sawa ya vinyesi, wadogo waliokufa ni karibu mara tatu ya wakubwa, lakini nyama nyingi imetoka kwa wakubwa. Simba si puma, kwa hiyo uitaje kuwa ni kadirio. Na useme wazi unahesabu nini, vichwa au kilo, kwa sababu hiyo nayo hugeuza jibu.

Niongeze na simba wa Tsavo, Kenya, kwa sababu wao wanafundisha jambo ambalo wastani hauwezi kulisema. Wale madume wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Nyasi za nchi zetu za joto na majani ya miti hutofautiana katika uwiano wa kaboni nzito na nyepesi, na tofauti hiyo humfuata mla nyasi na mla majani mpaka kwenye nywele na mifupa ya simba anayewala. Mwaka 2009 Yeakel na wenzake walitumia alama hizo, pamoja na za naitrojeni, wakakadiria kwamba simba hao walikula watu wapatao 35 kwa jumla. Ila hawakugawana sawa: mmoja alikula karibu 24, mwenzake karibu 11. Walitembea pamoja, waliwinda pamoja, na kila mmoja alikuwa na mlo wake. Mwaka 2024 watafiti wengine walichukua nywele zilizokuwa zimekwama kwenye meno yao yaliyovunjika, wakasoma DNA yake: binadamu, twiga, choroa, kuro, nyumbu na pundamilia. Kwa hiyo usiridhike na wastani wa simba wote wa eneo. Huenda kundi moja tu, au dume mmoja, ndiye anayeingia maboma, na waliobaki hawajawahi kumgusa ng'ombe. Mkiua simba yeyote atakayeonekana, mtaua asiyehusika na mwizi atabaki. Andika nyayo, andika ukubwa wa kundi, piga picha za uso: madoa ya mashina ya sharubu hutofautisha simba mmoja na mwingine maisha yake yote.

Mpaka hapa nimekuwa nikisema simba anachagua, lakini mzoga ni mwisho wa hatua tatu: simba alikutana na mnyama, akaamua kumshambulia, akafaulu. Mzoga hauelezi hatua ipi ilitofautiana. Hopcraft, Sinclair na Packer walionyesha mwaka 2005 kwamba simba wa Serengeti huenda pale mnyama anapokamatika kwa urahisi, kwenye kingo za mmomonyoko, karibu na maji na vichaka vya kujificha, zaidi ya pale wanyama walipo wengi. Kwa upande wa ukubwa, uchambuzi wa Hayward na Kerley uliochapishwa mwaka huohuo, uliokusanya tafiti nyingi za Afrika na kutumia kipimo chako cha Jacobs, ulionyesha simba hupendelea mawindo ya kilo 190 hadi 550. Ng'ombe wetu wa asili aliyekomaa anaingia humo bila taabu. Ana ukubwa wa nyumbu na zaidi, hakimbii kama nyumbu, na hamtazami simba kwa hofu ya nyumbu. Pengine simba hana hamu yoyote ya pekee na ng'ombe. Ana mnyama wa ukubwa anaouzoea ambaye ni rahisi kumwangusha.

Unaweza kutenganisha hatua hizo bila vifaa, na ninakuomba uanze kesho. Andika usiku ambao simba hakuua. Asubuhi zunguka maboma, uliza, tazama nyayo: simba alipita hatua ngapi kutoka kwenye uzio, alizunguka, alisimama, aliruka, aliondoka? Simba aliyepita maboma tisa bila kusimama akaingia la kumi, na simba aliyejaribu kumi akashindwa tisa, wote wanaacha mzoga mmoja kwenye daftari, lakini ni wanyama wawili tofauti kabisa.

Kuhusu neno la wazee kwamba ni simba wa siku hizi. Hilo ni dai la mabadiliko, na daftari la mwaka mmoja halina uwezo wa kulithibitisha wala kulikanusha. Lakini lina uwezo wa kuonyesha majira. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire hukusanyika mtoni wakati wa kiangazi na kutawanyika hadi mbuga zenu za Simanjiro mvua zikinyesha. Bernard Kissui, katika utafiti wake wa nyika ya Wamasai uliochapishwa mwaka 2008, alikuta mashambulizi ya mifugo yakienda sambamba na mvua, na kwamba simba ndiye aliyeua ng'ombe zaidi, wakati fisi na chui walichukua mbuzi, kondoo na wanyama wengine wadogo. Kwenye ranchi za jirani na Tsavo, Kenya, watafiti pia walikuta simba wakisumbua zaidi wakati wa mvua. Ukichanganya miezi yote kwenye hesabu moja, utapata D ya simba ambaye hayupo mwezi wowote.

Kwa hiyo piga hesabu kwa kila msimu. Kisha chora: chini weka sehemu ya ng'ombe katika waliopo, pembeni sehemu ya ng'ombe katika walioliwa, nukta moja kwa kila mwezi. Simba akiwa na kiwango kilekile cha uchaguzi mwaka mzima, nukta zitafuata mkunjo mmoja laini, ulioinama upande mmoja tu. Zikilala chini ya mstari wa usawa pale ng'ombe walipo wachache, kisha zikapanda ghafla juu yake pale walipo wengi, hapo simba wanageuka, wanaacha windo moja na kulishika jingine. William Murdoch alilielezea hilo mwaka 1969 akitumia konokono wa baharini, na miaka michache baadaye yeye na wenzake wakaliona kwa samaki wadogo waitwao gupi, waliopewa nzi juu ya maji na minyoo chini: waling'ang'ania upande wenye chakula kingi kuliko hesabu ya bahati ilivyodai. Tofauti hii ina uzito kwenu. Simba anayegeuka, nyumbu wakirudi, atawaacha ng'ombe wenu. Asiyegeuka hatawaacha.

Mwisho, usitaje D bila kusema inaweza kuyumba kiasi gani. Chukua matukio yako yote, kompyuta ichote moja kwa bahati nasibu, ilirudishe, ichote tena, mpaka ifikishe idadi ileile; ipige D; irudie mara 1,000. Panga majibu, ondoa 25 ya chini na 25 ya juu. Yaliyobaki ndiyo upana wa jibu lako. Upana huo ukivuka sifuri, huna haki ya kusema anapendwa wala anakwepwa. Na kama unajua makundi ya simba, chota makundi, usichote mizoga, kwa sababu mizoga ya kundi moja inafanana kama ndugu. Watu huniuliza mizoga mingapi inatosha. Mizoga 60 ya makundi sita inanipa imani kuliko 200 ya kundi moja.

Kwenye mkutano, wape wazee namba zote mbili na uwaambie kila moja inajibu nini: kwa eneo zima simba bado wanaishi kwa nyumbu na pundamilia, na ng'ombe aliyelala nje ana hatari kubwa kuliko nyumbu aliye karibu naye, kama hesabu yako ya pili itaonyesha hivyo. Kisha uwaombe jambo moja: kila boma lililofikiwa na simba liandikwe aina ya uzio wake, miiba mitupu, au waya uliofungwa kwenye miti hai, hata pale simba alipozunguka akaondoka mikono mitupu. Safu hiyo moja itawaambia, ndani ya masika moja, ng'ombe wangapi kati ya wale 6,000 ndio hasa wanaohesabika.